Analogi, dijitali na tepu ya bibi

Nimepotea kidogo hapa, naomba radhi. Kazi ilinibana (tulikuwa tunahamisha hifadhidata ya mteja mmoja, na aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua usingizi unavyokimbia), halafu nikaingia katika jambo lisilo na mshahara ambalo limenila usiku mwingi kuliko hiyo hifadhidata. Ni habari ya tepu moja, mashine moja mbovu, kampuni moja ndogo ya santuri huko Ulaya, na bibi yangu. Ni ndefu. Chukua kahawa.

Nianzie mbali kidogo, Marekani. Kuna kampuni inaitwa Mobile Fidelity ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwauzia wapenzi wa muziki santuri za bei ghali, zinazotengenezwa kutoka tepu za masta. Wateja wake ni watu wanaoamini kwamba sauti ikishageuzwa kuwa tarakimu imeshakufa. Wanataka tepu izunguke, umeme uingie moja kwa moja kwenye mashine ya kuchonga, sindano ichonge mfereji kwenye sahani ya laka, kisha kalibu zitolewe na santuri zifyatuliwe. Kompyuta isikaribie.

Basi Julai 2022, mwenye duka moja la santuri kule Phoenix, Arizona, akasema hadharani kwamba amesikia kampuni hiyo inapitisha muziki kwenye faili za dijitali kabla ya kuchonga. Mafundi wa kampuni wakahojiwa, wakakiri. Walikuwa wakifanya hivyo kwa baadhi ya santuri tangu 2011. Watu walilia kama waliofiwa! Kesi zikafuata, zikaishia kwa makubaliano ya kuwarudishia pesa waliotaka. Siku hizi kampuni inaeleza kila santuri imetoka wapi na imepita njia gani.

Mimi niliposoma habari hii nilicheka. Santuri hizo hizo zilikuwa zimesifiwa kwa miaka kumi na watu wenye vinanda vya bei ya gari, na baadhi yao walizitoa kama ushahidi kwamba dijitali haifai. Lakini kilichonivutia zaidi ni sababu waliyoitoa mafundi. Wenye tepu hawakutaka tepu zao zitoke nje ya ghala, na tepu ya zamani haipendi kuchezwa mara nyingi. Kwa hivyo fundi anaifuata tepu ilipo, anaicheza, anaichukua kwa faili safi, kisha anachonga laka nyingi apendavyo kutoka faili lile. Kwa mtu wa programu hii ni akili ya kawaida kabisa. Huendeshi maswali yako yote juu ya diski ya pekee inayokaribia kufa. Unachukua nakala kwanza.

Nilicheka, nikasahau. Sikujua kwamba jambo hilo hilo litakuja kunibishia hodi Kibokoni.

SANDUKU LA AMI

Ami yake baba (sote nyumbani tunamwita Ami tu) alikuwa fundi wa redio hapa Mji wa Kale. Sasa macho yamechoka, lakini mikono bado. Mwaka jana nyumba ilivuja, tukahamisha vitu vya juu, na nyuma ya kabati tukakuta sanduku la bati. Ndani mlikuwa na tepu kumi na moja za rili, zile za kabla ya kaseti, na mashine ya Philips yenye kutu. Ami aliishika ile mashine kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wa marehemu nduguye.

"Hii nimerekodia harusi nusu ya mtaa," akasema.

Vijana wenzangu wengi hawajui, kwa hivyo nieleze kidogo muziki wa pwani ulivyopita mikononi mwa mashine. Siti binti Saad na wenzake walipotaka sauti zao ziingie kwenye sahani, iliwabidi wapande chombo hadi Bombay, mwaka 1928, kurekodi kwa HMV. Kuanzia miaka ya 1950 kiwanda kilikuwapo karibu zaidi, Nairobi. Hapa Mombasa wenye duka la Assanand & Sons walikuwa na lebo yao, Mzuri, iliyotoa taarabu ya pwani kwa sahani ndogo za 45. Huo ndio wakati wa Matano Juma, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na wengineo. Anayetaka kuonja, atafute Zanzibara namba 2 ya Buda Musique ya Ufaransa, ambayo imekusanya taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Baadaye zikaja kaseti. Mbwana Radio Service hapa hapa Mji wa Kale ikajulikana kwa kanda zake za taarabu, na mashine za kufyatua santuri Nairobi zikanyamaza. Kaseti ni rahisi, kila mtu anaweza kuinakili nyumbani, na hilo ndilo lililoipendeza mitaa na kuwaua wenye viwanda.

Tepu za Ami ni kitu kingine. Hazikuwa za kuuzwa. Mtu akioa, anamwita, anaweka mashine pembeni, anarekodi. Moja kati ya zile kumi na moja ilikuwa na karatasi iliyobandikwa: jina la bwana harusi, Kibokoni, 1969. Ami akaigeuza geuza, akaniambia, "Upande wa kwanza ni taarabu, wanaume, nje barazani. Upande wa pili ni vugo. Bibi yako yumo."

Vugo, kwa wasiojua, ni ngoma ya harusi ya wanawake. Pembe zinagongwa kwa vijiti, mmoja anatoa, wenzake wanapokea. Ndani, wanawake watupu. Ami hakuwamo. Aliacha mashine chumbani, dada yake akabonyeza.

Bibi yangu anaimba? Nimekaa naye miaka yote hii, simjui isipokuwa kwa kisomo na kwa kukemea paka.

SIKI

Nilipofungua ule mkebe harufu iliyotoka ilikuwa ya achari. Si mzaha. Tepu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu (yaani Mombasa) inaanza kuoza na kutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo nayo inazidisha kuoza. Ni kama kosa linalojilisha lenyewe: likishaanza, halirudi nyuma, unaweza kulichelewesha tu. Ukitaka kujua kama tepu yako ni asetati, ielekeze kwenye taa. Mwanga ukipenya kwenye ile rili, ni asetati. Poliesta haipitishi.

Watu mtandaoni watakwambia tepu mbovu huokwa kwa joto dogo ili zisinate. Hiyo ni dawa ya tepu za aina nyingine, nyingi za miaka ya 1970 na 1980. Asetati usiioke, utaimaliza.

Ami alichukua wiki tatu kuifufua mashine. Belti ya asili ilikuwa imegeuka lami, akakata nyingine kwenye mpira wa kitu ambacho hakuniambia. Tukasafisha vichwa kwa spiriti. Tukaanza na tepu zisizo na thamani, moja ikakatika mara mbili. Uzuri wa asetati ni kwamba inakatika safi bila kuvutika, kwa hivyo Ami aliiunga kwa gundi yake maalumu na kiungo hakisikiki. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka inapogusa tepu, hapo inatulia.

Kisha tukaicheza ile ya 1969. Mara moja tu kila upande, huku kompyuta inachukua: biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde, mono. Dakika 64 na kitu kwa kila upande, faili la gigabaiti 1.1 hivi. Hapo ndipo nilipofanya ujinga.

UJINGA WENYEWE

Wanaofuatilia hapa watakumbuka niliandika kuhusu skripti yangu ya kupunguza mchakacho, na nikaweka sauti ya kuonyesha kabla na baada. Dakika moja. Ilikuwa dakika ya upande wa pili, vugo, kwa sababu pembe zinaonyesha vizuri skripti inavyofanya kazi. Sikumuuliza mtu. Kwangu ilikuwa data ya majaribio.

Wiki mbili baadaye nikapata barua pepe kutoka kampuni ndogo ya santuri Ulaya (sitaitaja, walikuwa waungwana). Walikuwa wameisikia ile dakika. Walitaka kutoa santuri, nakala 500, upande mmoja taarabu ya barazani, upande mmoja vugo. Pesa waliyotaja ingenilipia kodi ya nyumba miezi minne. Sharti lao lilikuwa moja: niwatumie tepu yenyewe kwa kuria. Wao wanachonga kutoka tepu, hakuna dijitali katikati, na wateja wao wanawajua kwa hilo.

Nikawaambia tepu ni mgonjwa, ninalo faili zuri. Wakajibu kwa adabu kwamba faili hawawezi.

Hapa niwape hesabu, maana hii ni blogu ya hesabu. Tepu hii ilirekodiwa nyumbani kwa mwendo wa sentimita 9.5 kwa sekunde. Studio hutumia 38. Kwa mwendo ule mdogo na mashine ile, sauti za juu zinaanza kufifia mapema, tuseme kwenye kilohezi 10 au 12. CD ya kawaida inafika 22. Faili langu linafika 48. Yaani faili ni gunia na kilichomo kwenye tepu ni kibaba. Hakuna kinachomwagika. Kinachopotea ukitumia faili ni ile sentensi ya kuandika kwenye jalada, basi.

Lakini nikiri: nilitaka kuituma. Nilishaanza kuona santuri ile mkononi, jalada lina picha ya milango ya Ndia Kuu, na jina langu kwa herufi ndogo nyuma. Waya za SEACOM na TEAMS ziliposhuka Mombasa mwaka 2009 mimi nilikuwa shule ya msingi, tukaambiwa dunia sasa imefika kwetu. Hii ilikuwa zamu yetu ya kuifikia dunia.

Ami akakataa. "Tepu haipandi ndege," akasema, na hakutaka kuongeza. Nikamwambia mashine zao ni bora kuliko hii yetu. Akasema, "Mashine zao ni bora. Tepu si yao." Tukakaa siku kadhaa hatusemezani vizuri. Nikaona nimwendee Bibi, akikubali yeye, Ami atalegea.

"HUYU SI MIMI"

Nilimkuta baada ya Alasiri, anachambua mchicha.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Leo umekumbuka una mke?"

Nikamwekea kipaza sauti kidogo, nikacheza upande wa pili. Akasikiliza kama dakika mbili, mkono umesimama juu ya sinia. Kisha akatikisa kichwa.

"Huyu si mimi."

"Ami anasema ni wewe."

"Ami yako hakuwamo. Huyu sauti yake nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Na hiyo vugo inaenda kama maiti inasindikizwa. Sisi hatukupiga hivyo." Akarudi kwenye mchicha.

Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, lakini neno lile "inaenda" halikuniacha. Kama sauti ni nzito na mwendo ni wa polepole, huenda mtu ndiye yule yule na ni mashine inayochelewa. Belti ya Ami! Imekatwa kwa mkono, unene wake ni wa kubahatisha. Sasa nitajuaje mwendo wa kweli ulikuwa upi? Hakuna aliyepiga filimbi ya kupimia sauti harusini 1969.

Ila kulikuwa na stima.

Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani unabadili mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde. Kila chombo cha zamani kilichochomekwa ukutani kilivujisha kidogo mvumo huo kwenye rekodi. Ukisikiliza kwa makini unausikia chini kabisa, mmm, nyuma ya kila kitu. Kazi ya kwanza ya skripti yangu ya kusafisha ilikuwa kuufuta mvumo huo kama uchafu. Nikarudi kwenye faili ghafi, ambalo sikuligusa (kanuni ya kwanza: usiandike juu ya data ghafi), nikalikata vipande vya sekunde kumi kumi, nikapitisha kila kipande kwenye mageuzi ya Fourier na kutazama eneo la kati ya hezi 45 na 55. Sekunde kumi zinakupa uwezo wa kutenganisha sehemu ya kumi ya hezi, zinatosha.

Nilitegemea kuona mstari mmoja. Ilikuwa miwili.

Mmoja ulikuwa kwenye 50 kamili, umenyooka kama rula kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo ni mvumo wa stima ya siku tuliyocheza tepu, uliingia kutoka mashine kwenda kompyuta. Wa pili, dhaifu zaidi, ulikuwa kwenye 48.7 hivi, unapanda na kushuka polepole kadiri belti inavyoteleza. Huo ulikuwa stima ya 1969, ya chumba kile Kibokoni, imelala kwenye tepu miaka yote hiyo. Ulipaswa kuwa 50. Ulikuwa 48.7 kwa sababu mashine yetu ilikuwa inaivuta tepu polepole mno.

Niliangalia ile mistari mpaka adhana ya Alfajiri.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Unaufuata mstari wa pili kila sekunde kumi, unaipa sauti mwendo mpya ili mstari uje kwenye 50, yaani kama asilimia 2.7 haraka zaidi, hapa zaidi, hapa pungufu. Kwa muziki hiyo ni karibu nusu ya nusutoni. Inaonekana kidogo. Kwa mtu anayejua sauti yake mwenyewe si kidogo.

WANAWAKE WANGAPI?

Nikarudi kwa Bibi siku ya pili. Sikusema kitu, nikacheza.

Safari hii hakungoja dakika mbili. Alianza kupokea kabla wenzake kwenye tepu hawajapokea. Sauti ya sasa imekatika katika, lakini njia ni ile ile. Akaimba mpaka mwisho wa ule wimbo, kisha akaanza kuwataja. Huyu anayecheka ni fulani, aliolewa Lamu. Hii pembe inayowahi ni ya fulani, siku zote alikuwa anawahi. Huyu mtoto anayelia ni baba yako mkubwa, mpumbavu, ametuharibia. Alitaja wanane. Kati ya wanane, walio hai ni wawili, yeye akiwamo.

Nikaona ndio wakati. Nikamweleza habari ya kampuni ya Ulaya, santuri 500, pesa. Akasikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Na hao wataisikia hii?"

"Watakaonunua, ndiyo."

"Wanaume?"

"Wanaume na wanawake."

Akanyamaza kidogo. "Mimi ungeniuliza peke yangu labda ningekubali, nimeshazeeka, nani atanitamani. Lakini hawa wengine sita nitawauliza wapi? Walivua buibui wakaimba kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa."

Hapo ikabidi niseme. Nilimwambia kwamba nilishaweka dakika moja mtandaoni. Nilimweleza kwamba nimeiondoa (niliiondoa asubuhi ile, dakika kumi kabla ya kutoka nyumbani, ujasiri mkubwa huo), lakini kumbukumbu za seva zinaonyesha ilikuwa imeshashushwa mara 61.

"Watu sitini na mmoja?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wanawake wangapi?"

Nimesoma miaka minne chuo kikuu, sayansi ya kompyuta. Nimeshajibu maswali ya wakaguzi, ya mabosi, ya wateja wenye hasira. Hilo sikuwa na jibu lake. Seva inakupa anwani, saa, aina ya kivinjari. Hakuna safu ya hilo jambo, na hata ingekuwapo isingenisaidia.

Hakunigombeza, na ndicho kilichoniuma. Alisema tu, "Haya. Umeshafanya. Usizidishe."

TEPU HAIKATIKI, FAILI LINAKATIKA

Nikiwa narudi nyumbani nilijiambia, vema, vugo tuiache, tuwape kampuni upande wa kwanza, taarabu ya barazani. Wale walipiga hadharani, mtaa mzima ulisikia. Watoto wa wapigaji wanajulikana, nitawafuata mmoja mmoja.

Ndipo nikaelewa Ami alikuwa anakataa nini. Tepu ya namna hii haina pande mbili kama chapati. Ni utepe mmoja. Nusu ya juu ya upana wake imerekodiwa kwenda, nusu ya chini imerekodiwa kurudi, na katikati pana ukingo mwembamba. Wanaume wa barazani na wanawake wa chumbani wamelala kwenye utepe mmoja miaka yote hii, vichwa huku na miguu kule. Ukituma mmoja umetuma wote. Atakayepewa tepu amepewa chumba, na itabidi umwamini hatafungua mlango.

Faili naweza kuligawa. Upande wa kwanza ni faili moja, wa pili jingine, kila moja na ufunguo wake. Wanaopenda analogi husema dijitali inakata sauti vipande vipande. Ni kweli, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba inakatika.

Nikamwomba Ami radhi. Akasema, "Mimi nilipewa mashine ile niiweke chumbani nikaambiwa, hii ni amana. Mimi mwenyewe upande wa pili sijawahi kuucheza." Miaka zaidi ya hamsini! Fundi mwenye mashine yake na tepu yake! Siku tuliyochukua upande wa pili nilidhani ametoka kwenda kuswali. Alikuwa amekaa ngazini.

Kampuni niliwaandikia kwamba tepu haitoki, vugo haitoki, na kuhusu taarabu ya barazani tunaweza kuzungumza iwapo watakubali faili na iwapo familia za wapigaji zitaridhia. Walinishukuru, wakasema wanaelewa, lakini wao ni tepu au basi. Siwalaumu. Wameahidi wateja wao kitu na wanakitimiza, tofauti na wale wakubwa wa Marekani. Ila naona ajabu kidogo. Wale walifanya jambo la busara kwa tepu kisha wakalifichia watu. Hawa ni wakweli kabisa, na ukweli wao unahitaji tepu ipande ndege.

Kwa wenye tepu za aina hii nyumbani, na najua mpo, haya ndiyo niliyojifunza:

1. Zinuse. Harufu ya siki maana yake saa inakwenda. Zitenge na nyingine.
2. Usizicheze kwa kujaribu jaribu. Tengeneza mashine kwanza, ijaribie tepu ya hovyo, kisha cheza ile ya maana mara moja huku unarekodi.
3. Weka faili ghafi bila kulisafisha. Mvumo wa stima ni ushahidi, usiufute.
4. Nakala tatu, mahali pawili tofauti, na moja nje ya nyumba. Yangu ya tatu iko kwa dada yangu Kisauni, imefungwa kwa nywila.
5. Kabla ya yote hayo, uliza ni nani yumo ndani. Mimi niliiweka mwisho.

Tepu yenyewe imerudi kwenye mkebe mpya wenye vipakiti vya kunyonya unyevu, ndani ya kabati la Ami. Itakufa siku moja, asidi haisamehe. Tumeichelewesha tu.

Bibi naye alitaka nakala yake. Nikafikiria WhatsApp, kisha nikafikiria lile kundi la familia lenye watu 140, nikatoka jasho. Nilimnunulia redio ndogo ya memori kadi pale Marikiti, nikaweka faili moja tu, lile lililonyooshwa. Kila siku baada ya Alasiri anafunga dirisha la barabarani, anaiwasha. Juzi nilipita, nikasikia kwa mbali kutoka nje, nikabisha hodi.

"Nani?"

"Mumeo."

"Ngoja," akasema, na akaizima kwanza ndipo akafungua.